Bia nyeusi ya asilimia 11: imeharibika, au ulimi wangu ndio mshamba?

FundiFriji

Habari za jioni wanajamvi. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi hapa Mombasa, kazi zangu nyingi ni Nyali, Bamburi, hadi Mtwapa. Mwezi wa kwanza mteja mmoja mwenye nyumba ya wageni alinipigia saa nne usiku, chumba chake cha baridi kimezima na ndani kuna pweza, kamba na nyama ya harusi ya kesho yake. Nilifika nikidhani kompresa imeungua. Kumbe ni kapasita tu, kitu cha dakika 20. Alinilipa, kisha akanitia mkononi chupa mbili ndogo za bia akaniambia, "Hizi usizinywe kama Tusker." Hakueleza zaidi nami sikuuliza, nilikuwa nataka kitanda.

Chupa zenyewe ni za mililita 330, rangi ya kahawia, kizibo kimechovywa kwenye nta nyeusi mpaka shingoni. Zimeandikwa Imperial Stout, asilimia 11. Kiwanda ni kidogo, cha Ulaya, jina lake naliacha maana sitaki kumharibia mtu soko kwa ujinga wangu mwenyewe. Moja niliitia kwenye friji, ile droo ya mboga ya chini. Ya pili haikupata nafasi, mama watoto alikuwa amejaza maziwa lala na mitungi ya ukwaju, basi nikaiweka juu ya kabati la nguo. Sisi tunakaa Bombolulu, ghorofa ya mwisho kabisa, juu yetu ni mabati. Nikazisahau zote mbili.

Jumamosi iliyopita mvua ya masika ilitufungia ndani mchana kutwa, nikaikumbuka ile ya kabatini. Nikaitia friza. Nilipoitoa nilikata nta kwa kisu, nikachomeka sindano ya kipimajoto changu cha kazi: nyuzi 2. Nikaona hapo sawa, hiyo ndiyo bia.

Mimi kinywaji changu ni Tusker moja mbili mwisho wa wiki, na mnazi nikienda nyumbani Kaloleni. Babu yangu alikuwa mgema. Kwa hiyo vitu vichachu navijua, vitu vikali navijua. Hii sikuijua. Imemiminika nyeusi kama oili ya kompresa iliyoungua, nzito, povu la kahawia likasimama kidogo likazama. Nimenusa, hakuna kitu. Nimeonja: kwanza uchungu, kama kulamba sufuria ya wali ulioshika chini. Halafu chumvi chumvi, naapa, kama soya sosi ya mkahawa wa Wachina. Halafu kitu kama boksi lililolowa mvua. Mwisho kilevi kikanipanda puani. Nimekunywa robo, iliyobaki nikaimwaga kwenye sinki. Mama watoto akacheka mpaka akakaa chini: "Umefanya kazi usiku ukalipwa maji ya masizi."

Sasa naomba wanaojua wanieleze. Ile imeharibika, au ndivyo inavyotakiwa kuwa? Na hii ya pili, bado iko kwenye droo ya mboga, niifanyeje? Nisije nikaimwaga kumbe ni mali.

MtotoWaLikoni

Pole fundi. Wewe umekunywa oili ya kompresa kweli, yule mteja alikurudishia spea.

Hiyo ya pili kama hujui la kuifanya, feri inavusha usiku kucha. Njoo nayo huku, mimi sina ulimi wa kuchagua.

BahariaMstaafu

Mwanangu fundi, sikiza. Nimepika katika meli za mizigo miaka 22, sasa niko zangu Mtongwe nafuga kuku. Bia yako imepatwa na mambo mawili, nawe umeyanywa yote mawili kwa mkupuo mmoja.

La kwanza ni baridi. Nyuzi 2 ni baridi ya soda. Stauti nzito ukiinywa kwa baridi hiyo harufu hazipandi, na pua ikifungwa ulimi hubaki na uchungu na ukavu peke yake. Ni kama kula pilau lililolala friji bila kulipasha. Iliki imo, mdalasini umo, wewe husikii ila wali mgumu. Hilo si kosa la pilau.

La pili ndilo baya. Ile chumvi ya soya sosi na lile boksi lililolowa si mapishi ya mwenye bia. Bia za namna hii mara nyingi hutiwa chupani na hamira ikiwa bado imo. Hamira ikifa, hupasuka ikamwaga vya ndani mwake, na vya ndani mwake ni mambo yale yale yanayoipa supu ya mifupa ladha yake. Hiyo ndiyo soya sosi yako. Boksi ni kazi ya hewa, ile oksijeni kidogo iliyobaki shingoni mwa chupa. Yote haya hutokea hata mahali pa baridi, ila hutokea polepole. Wewe fundi wa friji wajua kuliko mimi kwamba kemia hupenda joto, nyuzi 10 zikiongezeka mwendo wake huenda karibu maradufu. Na wewe uliiweka chini ya mabati kaskazi nzima! Miezi mitatu ya Bombolulu ni miaka ya bia.

Usinielewe vibaya, kuzeeka kwenyewe si kubaya. Stauti kali ikizeeka mahali penye giza na ubaridi, hewa ile ile huigeuza ikapata harufu ya zabibu kavu na tende. Watu huziweka makusudi miaka mitatu, minne. Lakini huziweka handakini.

Mimi niliijua Antwerp, mwezi wa kwanza, theluji imegeuka tope bandarini. Tuliingia mahali watatu, mimi na Mfilipino wa injini na kijana mmoja wa Tanga. Tukaonyesha chupa nyeusi kwa kuwa wenzetu wa meza ya pili walikuwa nayo. Muuzaji akatuletea vigilasi vyenye mguu, vimejaa nusu tu. Yule wa Tanga akasema tumeibiwa. Tukakaa. Kwanza nilisikia kahawa iliyochomwa sana. Baada ya dakika kumi, tende. Gilasi ilipokuwa karibu kwisha, mkononi imeshapata joto langu, ikatoka harufu ya sukari guru inapochemka, ile inayonata hewani. Kinywaji kimoja, harufu tatu, na hakuna aliyetia kitu. Mimi ni mpishi, jambo hilo lilinikera mpaka nikaanza kuuliza.

Nilichoambiwa ni kwamba asili yake ni London. Karne ya 18 wapagazi wa mji ule walikuwa na bia yao nyeusi nyeusi, ikaitwa porta kwa jina lao la Kiingereza. Iliyopikwa kwa nguvu zaidi ikaitwa stauti. Kiwanda cha Anchor pale Southwark, ng'ambo ya mto Thames, kilikuwa cha Henry Thrale, na kuanzia 1781 kikawa cha Barclay na Perkins. Hao walipeleka iliyo kali kuliko zote nchi za Baltiki na Urusi, hata nyumbani kwa Catherine mtawala wao, ndipo likabandikwa hilo neno la kifalme, Imperial, uliloliona kwenye chupa. Kisha 1817 Daniel Wheeler akapata hataza ya pipa la chuma la kukaangia kimea, linazungushwa juu ya moto mpaka nafaka inakuwa nyeusi ti bila kushika moto. Hapo mpishi wa bia akapumua. Kimea kingi kikabaki cheupe, kile chenye sukari, na konzi chache za kile cheusi zikatosha kutia rangi na ladha.

Kwa hiyo ondoa fikira kwamba weusi ndio ukali. Guinness ya pipa ya kule Ireland ni asilimia 4.2, sawasawa na Tusker yako, na ni nyeusi. Hii yako ni 11 kwa sababu mpishi alijaza nafaka mara mbili tatu katika maji yale yale. Piga hesabu mwenyewe: mililita 330 kwa asilimia 11 ni mililita 36 za kilevi kitupu, na Tusker kubwa ya nusu lita ni 21. Kachupa hako ni karibu Tusker kubwa mbili kasorobo. Ndiyo maana gilasi ilijazwa nusu.

Ile ya pili iko mahali pazuri. Itoe, mimina nusu, ngoja. Nyuzi 10 hadi 14 ndiyo mahali pake. Usiimwage wala usimvushie huyo wa Likoni, namjua aina yake.

DadaKahawa

Assalaam aleikum. Mimi pombe sinywi wala sina haja ya kuionja, nimevutwa na lile neno la kukaanga. Nakaanga kahawa hapa Mji wa Kale, kazi ya baba yangu, na hilo pipa la Wheeler alilolitaja mzee ni ndugu wa pipa langu kabisa. Langu tu linazungushwa na mota ya mashine ya kufulia.

Nina mteja mmoja, kahawa imekatazwa na daktari wake, huniagiza nimkaangie shayiri. Basi shayiri nyeusi naijua. Ukiifikisha nyuzi 220 na kitu, sukari yake yote imeungua. Inanuka ganda la mkate wa mofa lililoshikwa na moto, si kahawa hasa. Ule uchachu wa kahawa haumo. Na uchungu wake ni mkavu, unakaa nyuma ya ulimi na kwenye ufizi, haukimbii ukimeza. Ukiipita hapo hata kwa nusu dakika unabaki na makaa, hayo masizi ya mkeo. Kwa hiyo fundi, kama hiyo ya pili nayo ina masizi hata ikiwa na joto lake, basi aliyekaanga alilala.

Lakini lililonishangaza zaidi ni kwamba nyinyi watu wa hapa hapa mnauliza kitu kichungu kinanywewaje. Kahawa chungu tunainywa vipi? Kikombe kidogo kisicho na mkono. Hakuna anayeijaza kwenye bilauri akaigida kama maji ya madafu. Unapiga funda, unang'ata kashata, unasikiliza mazungumzo, unapiga funda jingine. Uchungu unataka mwenzake. Mimi kwa kahawa ya kukaanga sana nasema tende ni tamu mno, inaifunika. Kashata ya nazi iliyochomwa kidogo, ile ya kahawia, ndiyo inakaa nayo. Hayo ni ya kahawa, ya kwenu mtajua wenyewe.

BahariaMstaafu

Dada amenena. Kule London zamani stauti ililiwa na chaza. Nami nilijaribu na chaza wa mikoko, hawa wetu, kwa ndimu kidogo. Wao wana chumvi na bahari, yenyewe ina uchungu na uzito. Vinakaa. Ila kwa hii ya 11 kashata itakuwa bora, chaza ni wa stauti nyepesi.

PesaYangu

Mnapamba tu. Mji huu nyuzi 32, jasho linaingia machoni, halafu mtu anishauri nikae na kinywaji kizito kama uji, cha uvuguvugu, nikinusa tende? Tende ziko sokoni Kongowea. Kisha kwa bei ya chupa moja ya hizo mimi nanunua baridi za kutosha mimi na rafiki yangu. Hizi bia za mafundi wadogo wadogo ni za watu waliochoka kuwa na pesa.

BahariaMstaafu

Mchana wa kaskazi una haki, hata mimi nakunywa maji ya dafu. Lakini mwezi wa saba, kusi imevuma, usiku hushuka kuelekea nyuzi 20 na watu wa Mtongwe wanavaa sweta. Kaa barazani usiku huo halafu tuzungumze. Na nyuzi 12 si uvuguvugu, yakhe. Ni baridi kuliko maji ya mtungini yaliyolala nje.

FundiFriji

Shikamoo mzee. Dada, ahsante sana. Nimerudi na matokeo.

Kwanza nilipima makosa yangu. Niliacha kipimajoto juu ya kabati siku mbili za jua: saa nane mchana kinasoma nyuzi 37, na alfajiri hakishuki chini ya 29. Na hiyo ni masika, kaskazi sitaki hata kufikiria. Droo ya mboga inasoma 6 usiku na mchana. Kwa hiyo chupa mbili za siku moja, zilizotoka mkono mmoja, zimeishi tofauti ya nyuzi 23 hadi 31 kwa miezi mitatu. Kwa ile hesabu ya mzee, ya kabatini ilikuwa inazeeka mara sita, saba zaidi. Babu angenichapa. Mnazi wa asubuhi alikuwa hakubali ukae hata juani wakati anafunga baiskeli, na mimi mjukuu wake naweka kitu cha pesa chini ya bati.

Jana saa moja usiku nikaita shemeji yangu, dereva wa matatu ya Kisauni, tukatoa ya pili. Nikachukua vikombe viwili vya kahawa vya bibi, vile vya duara, na gilasi moja ya kupimia. Chumba kilikuwa nyuzi 29, feni imezimwa ili isinidanganye. Nikamimina nusu chupa, nikachomeka sindano, nusu ya pili nikafunika kwa foili nikairudisha kwenye friji. Shemeji akaniuliza kama tunakunywa au tunatengeneza.

Nyuzi 6. Povu safari hii limesimama, rangi ya mahamri, zito, linashika ukutani mwa gilasi. Mdomoni imefungwa bado. Uchungu uko mbele, lakini ni uchungu safi, hakuna boksi, hakuna soya sosi hata tone. Nikajua hapo hapo kwamba ile ya kwanza niliiua mimi.

Nyuzi 9 kahawa imepanda. Si kahawa ya maziwa, ni ile ya dada. Shemeji kasema tangawizi imekosekana.

Nyuzi 12, dakika 14 tangu nimimine, na hapa ndipo nilipokaa. Sijui niseme vipi. Ule uchungu haukupungua, ila umepata watu wa kukaa nao. Kuna chokoleti, ile nyeusi isiyo na sukari. Kuna tende kweli, mzee, lakini si tende mbichi, ni ile ngozi yake iliyokauka karibu na kokwa. Nyuma yake sukari guru. Na uzito wake ulimini ni wa tui la kwanza, lile zito la kamuo la mwanzo, kabla hujaongeza maji. Inateleza, inakaa, inaondoka polepole, na ikiondoka inaacha ule ukavu kwenye ufizi aliousema dada. Hapo ndipo unataka kashata. Nilinunua mbili, ya nazi iliyochomwa na ya njugu. Ya njugu iligombana nayo, chumvi yake ikaizidi. Ya nazi, wallahi, ni kama zilipikwa jiko moja.

Mama watoto alikuwa amekaa mbali anatucheka. Nikampelekea kikombe, akanusa, akanyamaza, akaonja tone. Yeye huuza kaimati mwezi wa Ramadhani kwa majirani zetu, na alisema kitu ambacho mimi nisingekipata kwa usiku mzima: "Hii ni shira iliyotaka kuungua ukaiwahi." Akarudisha kikombe, kasema ni tamu ya kunusa, kunywa hapana. Ndivyo ilivyo hasa. Imefika ukingoni mwa kuungua ikasimamishwa. Kwa hiyo dada, mkaangaji hakulala.

Nyuzi 16 nikakumbuka kanisani. Nilikuwa mtumishi wa altare nikiwa mdogo, na kulikuwa na harufu ya kabati la divai, mbao na zabibu na kitu kitamu kilichozeeka. Ikaja hiyo. Sikuitegemea na sikuipenda sana, maana kilevi nacho kimeanza kujionyesha, kinachoma kidogo nyuma ya koo. Shemeji yeye alisema hapo ndipo pazuri zaidi. Tumebishana.

Nyuzi 20, dakika 43. Imekwisha. Imekuwa nzito kama dawa ya kikohozi, utamu na kilevi vimeachana kila mmoja na njia yake. Hapo PesaYangu ana haki kabisa, hicho si kinywaji cha mji huu.

Lakini ndugu PesaYangu, hapa ndipo nimeona kitu ambacho huko Ulaya hawana. Mzee alisema kule Antwerp ilibidi aipashe kwa mkono. Sisi hatuhitaji mkono. Hewa ya Mombasa inaipeleka gilasi yako kutoka 6 mpaka 20 ndani ya dakika 43, unapita vituo vyote bila kushuka. Ubaya wake ni kwamba kituo kizuri unakipita mbio. Mimi nilikuwa na dakika kama 12 hivi, kati ya nyuzi 12 na 16. Basi dawa ni kumimina kidogo kidogo, kikombe cha kahawa kwa kikombe cha kahawa, na chupa ibaki kwenye friji. Ile nusu ya pili tuliinywa hivyo, vikombe vinne vinne, saa nzima, na kila kikombe nilikikamata pale pale kwenye 12. Chupa moja ilitutosha wawili. Shemeji alilala kwangu, hakushika usukani, hesabu ya Tusker mbili kasorobo alikuwa ameisoma humu.

Kitu kimoja tu kimenisumbua, nacho si cha bia. Karibu na mwisho wa chupa kulikuwa na tope kidogo chini, rangi ya matope ya Tudor. Nililimwaga. Nadhani ndiyo ile hamira ya mzee, na nadhani mnazi nao una tope kama hilo ambalo babu alikuwa analichuja kwa mrija. Nikajiuliza angesema nini akionja. Mnazi wake ulikuwa na umri wa masaa. Asubuhi mtamu, jioni mkali, kesho kutwa siki. Yeye alikuwa anakimbizana na saa, hawa wanakimbizana na miaka, na wote wawili adui yao ni jua.

Sasa swali la kazi. Yule mteja wa nyumba ya wageni amepiga simu leo, kiyoyozi cha chumba namba tatu kinavuja maji. Nimemwambia nusu ya malipo ni chupa nne. Na hapa karakana nina kafriji kadogo, thamostati yake imekufa, mwenyewe hakurudi kukachukua mwaka wa pili huu. Naweza kukafungia thamostati ya nje nikakashikilia nyuzi ninazotaka. Mzee, niweke 12 moja kwa moja ili nikitoa ninywe?

MtotoWaLikoni

Kwa hiyo mimi sikubakiziwa hata tope?

BahariaMstaafu

Marahaba mwanangu. Weka 11. Ukimimina itapanda yenyewe kabla hujakaa. Chupa zisimame wima ili tope likae chini, taa ya ndani itoe, bia haiutaki mwanga. Na kafriji hako usikatie samaki.